Uzito Hauongezwi Baadaye

Chukua shafti ya pampu ya maji yenye kipenyo cha milimita 20. Mteja anataka ichongwe njia ya kii mahali puli itakapokaa. Kwa viwango vinavyotumika duniani, kii ya shafti ya kipimo hicho ina upana wa milimita 6, na njia yake huchimbwa kwenye shafti kwa kina cha milimita 3.5. Upana wa njia ukipungua kwa milimita 0.03 bado unakubalika. Ukizidi 6, kii italegea, puli itaanza kugonga, na baada ya muda si mrefu shafti itarudi karakana ikiwa imeliwa. Fundi mwenye mkono mzuri wa patasi na tupa anaweza kuifikia kazi hiyo, lakini jasho litamtoka. Kwa mashine ya milingi, muda mwingi utautumia kuifunga shafti na kuutafuta mstari wake wa katikati. Kuchonga kwenyewe ni dakika chache.

Nimeanza na shafti kwa sababu wengi wanaotaka mashine hii huanza upande wa pili. Wanaanza na picha, bei na nguvu za mota, halafu mashine ikishafika ndipo wanapojiuliza itafanya kazi gani. Mashine ya milingi tangu zamani imezaliwa na kazi. Mwaka 1861, Joseph Brown wa mji wa Providence, Marekani, alibuni mashine ya milingi iliyokuja kuwa kielelezo cha nyingi zilizofuata. Kilichomsukuma kilikuwa kitu kidogo sana: mifereji ya biti za kutobolea, ile inayozunguka kama kamba iliyosokotwa, wakati ule ilikuwa ikichongwa kwa tupa. Alikuwa na kazi mkononi, akaitengenezea mashine. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kusoma tangazo lolote, andika kwenye karatasi vitu unavyotaka kuvitengeneza mwaka huu: vipimo vyake, chuma chake, na usahihi unaohitajika. Karatasi hiyo itakuokolea pesa nyingi kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Swali linalokuja mapema ni hili: je, drili ya kusimama haiwezi kufungiwa meza ya kuteleza ikafanya kazi ya milingi? Haiwezi, hata iwe drili nzuri kiasi gani. Drili imeundwa kusukuma chini. Beringi zake zimepangwa kubeba mzigo wa juu na chini, na chaki yake imeshikwa kwenye tepa kwa msuguano peke yake, hakuna bolti inayoivuta kutoka juu. Kisu cha milingi husukumwa ubavuni. Mtikisiko wa ubavuni huilegeza tepa taratibu mpaka chaki idondoke juu ya meza, ikiwa na kisu kinachozunguka mara 800 kwa dakika. Hata isipodondoka, meno magumu ya chaki hayaushiki vizuri mkia mgumu wa kisu, kwa hiyo kisu hujivuta kidogo kidogo na kuzama kwenye kazi. Njia uliyoipimia kina cha milimita 3.5 inaishia kuwa ya 5, na shafti ni ya kutupa.

Sasa tazama kinachotokea jino la kisu linapouma chuma. Kisu kinapinda. Spindo inasogea ndani ya beringi zake, kichwa cha mashine kinainama, nguzo inajikunja kwenda nyuma, na meza inajaribu kunyanyuka kwenye reli zake. Kila kimoja kinasogea kwa kiasi ambacho jicho halikioni, lakini vyote hujumlishwa. Jino likiachia, vyote vinarudi kwa pamoja, na jino linalofuata linavikuta bado vimo safarini. Huo ndio mtetemo: mlio mkali unaosikika hadi kwa jirani, mawimbi yanayobaki kwenye uso wa kazi, na visu vinavyovunjika kabla ya wakati wake.

Hesabu ya jambo hili ni muhimu kwa mnunuzi. Kisu kilichotokeza milimita 40 kutoka kwenye koleti inayokishika hupinda mara 8 zaidi ya kilichotokeza milimita 20, kwa nguvu ileile, kwa kuwa kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Unene nao hufanya kazi kwa kipeo cha nne: kisu cha milimita 12 ni kikakamavu mara 16 kuliko cha milimita 6 chenye urefu uleule. Nguzo ya mashine iko chini ya sheria hiyohiyo. Nguzo nyembamba na ndefu haiwezi kuokolewa na mota kubwa. Kinyume chake, mota kubwa juu ya nguzo dhaifu huongeza tu nguvu ya kuipinda. Ndiyo maana mashine hizi hutengenezwa kwa chuma cha kumimina kwenye kalibu. Chuma hicho kina vibanzi vya grafiti ndani yake, na vibanzi hivyo humeza mtetemo kuliko chuma cha pua kinavyoweza.

Hapo ndipo ulipo msingi wa sura hii. Mashine ya milingi ina sehemu za aina mbili: zinazoweza kubadilishwa baadaye na zisizobadilika. Mota hubadilishwa. Mikanda na puli hubadilishwa. Skrini ya kusomea vipimo huongezwa mwaka wa pili ukipata pesa, na hata skrubu za meza huweza kutolewa zikatiwa nyingine. Lakini uzito wa mashine, umbo la nguzo, upana wa reli na ukubwa wa meza ni vya maisha. Nunua kwa kuangalia hivyo kwanza, ukubali upungufu kwenye vile vingine.

Tuanzie chini kabisa. Proxxon MF 70 ina uzito wa kilo 7, na spindo yake huzunguka kuanzia mara 5,000 hadi 20,000 kwa dakika. Ni mashine ya mtengeneza saa, ya fundi wa vito, ya mtu anayechonga vibao vya umeme na shaba nyembamba. Kwa njia ya kii kwenye shafti ya chuma isahau: mwendo wake ni mkubwa mno na mwili wake mwepesi mno. Sherline, inayotengenezwa California, ni nzito zaidi kidogo na imetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Nimeona kazi zake za kuvutia sana kwenye injini ndogo za mifano. Anayetengeneza vitu vinavyokaa kiganjani, kwa alumini na shaba, atafurahi nayo maisha yake yote. Inafaa pia kwa anayeishi ghorofani, kwa sababu hubebwa na mtu mmoja na kuwekwa kabatini.

Daraja linalofuata ndilo lenye wanunuzi wengi na maneno mengi. Mashine ya aina ya X2, iliyobuniwa na kampuni ya Sieg ya Shanghai, imeuzwa dunia nzima kwa rangi na majina tofauti. Ina uzito wa kama kilo 50, na ile ya asili ina mota ya wati 350 hivi, yenye mwendo mdogo hadi mizunguko 1,100 na mwendo mkubwa hadi 2,500 kwa dakika. Nina heshima kubwa kwa mashine hii, kwa kuwa imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kununua kitu kingine. Lakini anayeinunua aijue. Nguzo yake imeshikwa chini kwa nati moja kubwa, ili iweze kulazwa kushoto na kulia. Watu wachache sana huilaza, lakini kila mwenye nayo hulipa gharama ya ulegevu wa kiungo hicho kila siku. Gia zilizo ndani ya kichwa cha zile za asili ni za plastiki. Kisu kikikwama, gia hukatika meno ili mota isiungue. Kwa hiyo wengi huzing'oa na kuweka mkanda, na matoleo ya baadaye yalikuja na mkanda na mota isiyo na brashi tangu kiwandani. Ukikuta mbili zenye bei za kukaribiana, chukua ya mkanda. Nguzo nayo huimarishwa kwa bamba nene la chuma linalofungwa kwa nyuma na kuunganishwa na kitako. Je, itachonga njia yetu ya kii? Itachonga, kwa kisu cha milimita 5 kwanza, ikila nusu milimita kila safari, kisha kupanua kila ukuta kidogo kidogo mpaka 6. Inataka subira, na kazi itatoka sahihi.

Ukipanda hadi mashine za kilo 100 hadi 170, mambo hubadilika kabisa. Hapa zimo X3 na ndugu zake wa Sieg, zimo za Weiss wa Nanjing, na zimo zinazouzwa Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa majina ya wauzaji wa huko ingawa kalibu zake ni za viwanda hivyohivyo vya China. Nguzo imefungwa kwa bolti nne kubwa na hailali. Anayetaka pembe hukilaza kichwa. Reli ni pana, meza ina upana wa kama milimita 160, na kisu cha milimita 12 hula chuma bila kulalamika. Kwa gereji ya nyumbani yenye sakafu ya zege, hili ndilo daraja ninalolipendekeza, na nimeshindwa kupata sababu nzuri ya kumwambia mtu mwenye nafasi na pesa ashuke chini yake. Uliza daima mashine inatoka kiwanda kipi, hata kama muuzaji ameandika jina lake kwenye kichwa. Siku ukihitaji gia au bodi ya umeme, jina la kiwanda ndilo litakaloileta.

Juu yake kuna mashine za Taiwan na nakala zake zenye uzito wa kilo 250 na kuendelea. Aina ya RF-30 ina nguzo ya duara, nene kama mnazi mchanga, na hupatikana kwa bei nzuri mtumba. Ni imara kwa kukata. Udhaifu wake uko mahali pamoja tu: ukikipandisha kichwa ili kubadilisha biti ndefu kwa kisu kifupi, kichwa huzunguka kwenye nguzo na unapoteza mahali ulipokuwa. Fundi aliyeizoea hupanga kazi yake ili kichwa kisiguswe kati ya hatua moja na nyingine. Wengine hufunga taa ya leza kichwani na kuchora mstari ukutani, mbali, ili warudi palepale. Aina ya RF-45 iliondoa shida hiyo kwa kuweka nguzo ya mraba yenye reli, na ukiipata, na ukapata watu wa kuibeba, sijui unachosubiri. Kutoka hapo mtu huingia kwenye mashine za sakafuni, za mtindo wa Bridgeport uliobuniwa na Rudolph Bannow na kuanza kuuzwa mwaka 1938 kule Connecticut. Hizo zina uzito wa karibu tani moja na hazihusiani tena na meza.

Spindo sasa. Tundu lake la chini lina tepa, na tepa unayoichagua leo itaamua vifaa utakavyonunua kwa miaka yote ijayo. Katika mashine ndogo utakutana na mbili: Morse namba 3 na R8. Tepa ya Morse ni nyembamba kiasi kwamba hujikaza yenyewe. Ili uitoe lazima ulegeze bolti ya juu na kuigonga kwa nyundo, na kila pigo hupita kwenye beringi za spindo. R8, ambayo ilitokana na mashine za Bridgeport, ina pembe pana zaidi, na kwa kawaida huachia kwa pigo jepesi. Ningechagua R8 popote ninapopewa nafasi ya kuchagua. Hata hivyo, mwenye lethi yenye Morse namba 3 kwenye mkia wake ana hoja nzuri ya kubaki na Morse, kwa kuwa chaki na vishikio atavitumia pande zote mbili. Ukishaamua, nunua kishikio kimoja cha koleti za ER, mfumo uliosajiliwa na kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi mwaka 1973 na ambao leo unatengenezwa kila mahali. Seti ya ER25 hushika mikia ya kuanzia milimita 1 hadi 16, na hiyo inatosha kwa mashine yoyote ya mezani.

Kuhusu mota, acha kuangalia wati peke yake. Angalia mwendo wa chini kabisa na namna unavyopatikana. Kisu cha chuma cha kasi kinapochonga chuma laini huenda vizuri kwa mita 25 kwa dakika. Zidisha kwa 1,000, gawa kwa 3.14, gawa tena kwa kipenyo cha kisu: kisu cha milimita 10 kinataka mizunguko kama 800, cha milimita 3 kinataka 2,650, na kisu cha kuruka cha kusawazisha uso, chenye duara la milimita 50, kinataka 160 tu. Hii ya mwisho ndiyo mtihani. Mashine inayopunguza mwendo kwa elektroniki peke yake huzunguka 160 kwa utulivu ikiwa haina kazi, kisha husimama jino linapogusa chuma, maana mota inayozungushwa polepole hutoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Mashine yenye gia au puli za kubadilisha huiacha mota ikimbie na kuugeuza mwendo kuwa nguvu ya kuzungusha. Kwa hiyo tafuta angalau hatua mbili za gia au mkanda, pamoja na kitufe cha kurekebisha mwendo. Upande wa juu una unafuu: ukichonga alumini kwa kisu cha milimita 6, hesabu itakwambia mizunguko karibu 4,800, nawe una 2,500. Hakuna kitakachoharibika. Utakwenda polepole tu.

Skrubu za meza zitakuwa na pleyi. Zote zinayo. Geuza gurudumu la mkono kulia, kisha kushoto, na uangalie pete ya vipimo inasogea kiasi gani kabla meza haijaanza kuondoka. Milimita 0.1 ni ya kawaida, na unaizoea kwa kufikia kila kipimo ukitokea upande uleule. Kinachohitaji tahadhari ni mwelekeo wa kukata. Kisu kikizunguka kwa namna inayoivuta kazi kuelekea kwake, uso hutoka laini zaidi, lakini meza yenye pleyi hunyakuliwa ghafla kwa kiasi chote cha pleyi hiyo, na kisu chembamba hukatika palepale. Kwenye mashine ndogo kata kwa kupingana na kisu, na uiache njia ile nyingine kwa safari ya mwisho ya kupangusa, ikila sehemu ndogo sana ya milimita huku meza imekazwa kidogo.

Angalia pia kimo kati ya spindo na meza, kipimo ambacho wanunuzi hukisahau kuliko vyote. Jumlisha: jiliwa lina kimo cha milimita 75, kazi iliyomo 50, chaki ya drili na shina lake 100, na biti ya milimita 10 itatokeza 90. Tayari ni 315. Mashine ambayo nafasi yake ni 280 itakulazimu kutafuta biti fupi kwa kila tundu. Mwendo wa meza kwenda mbele na nyuma nao una ubahili wake kwenye mashine ndogo. Milimita 100 zinaonekana nyingi mpaka siku unapotaka kutoboa pande zote mbili za bamba la milimita 120 bila kulifungua.

Tukija nyumbani, umeme wetu wa volti 230 au 240 na mizunguko 50 kwa sekunde unakubaliana na mashine nyingi zinazouzwa Uingereza, Ulaya na Ghuba. Mashine inayoletwa kutoka Marekani mara nyingi ni ya volti 110, na utahitaji transfoma yenye uwezo wa kubeba mota wakati wa kuwaka. Kama ni mota ya kawaida ya mkondo geu iliyotengenezewa mizunguko 60, hapa itazunguka taratibu zaidi kwa sehemu moja ya sita. Mashine za viwandani zilizotumika huwa na mota za fezi tatu. Usizikimbie kwa hilo. Kifaa cha kubadilisha mkondo hupokea fezi moja ya nyumbani na kutoa tatu, na juu yake kinakupa uwezo wa kurekebisha mwendo. Hakikisha tu mota inaweza kuungwa kwa volti 230, jambo linaloonekana kwenye kibati chake. Umeme unaopanda na kushuka huua bodi za mota za brashi kuliko kitu kingine chochote, hivyo kilinda volti ni sehemu ya bei ya mashine.

Kwa walio Tanga, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, chumvi ya hewani ni adui wa kila usiku. Meza iliyoachwa kavu jioni huamka na madoa ya kahawia. Futa maranda yote ya chuma, paka mafuta, funika kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta kidogo, na usitumie nailoni, kwa maana inafungia unyevu ndani. Ikiwa gereji ina mlango wa mabati na jua la mchana, chuma hupoa usiku na kutoa jasho alfajiri.

Mashine iliyotumika ni nafasi nzuri kwa anayejua kuipima, na kuipima hakuhitaji maabara. Nenda na saa ya kupimia yenye kitako cha sumaku. Ibandike kwenye meza, ncha yake iguse spindo, kisha ushike spindo kwa mkono wako na uisukume na kuivuta. Mshale ukihama kwa zaidi ya milimita 0.02 au 0.03 na kurudi kwa kishindo, beringi zimekwisha au zimelegea. Mwambie muuzaji azikaze, kisha upime tena. Halafu weka kiganja juu ya kichwa na ukisukume nyuma kwa nguvu ya mkono mmoja. Mshale utasogea, kwa kuwa kila chuma hupinda, lakini unapoachia lazima urudi sifuri kamili. Usiporudi, kuna kiungo kilicholegea au reli iliyoliwa. Zungusha gurudumu la meza kutoka mwisho hadi mwisho. Ikiwa ni jepesi katikati na gumu pembeni, reli zimeliwa katikati, mahali kazi zote zilipofanyiwa, na ukikaza kabari inayoibana meza kwenye reli ili pleyi ya katikati iishe, meza haitafika pembeni tena. Hilo ndilo la kukufanya uondoke. Matundu yaliyotobolewa kwenye meza kwa bahati mbaya yanachukiza macho na kushusha bei, ila hayadhuru kitu.

Pesa zako zigawe nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza inunue mashine na nusu ya pili inunue kila kinachoifanya ikate, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, kwa sababu mtu amemaliza akiba yake kwenye chuma chenye rangi nzuri na hana hata cha kushikia kazi. Jiliwa la milingi lenye mdomo uliosagwa sambamba ni la kwanza, na lisizidi ukubwa wa meza: milimita 75 hadi 80 kwa X2, 100 kwa zile kubwa. Linafuata seti ya bolti na vibano vya kukazia kazi moja kwa moja kwenye meza, koleti, vipande sambamba vya kuinulia kazi ndani ya jiliwa, saa ya kupimia, na kijiti cha kutafutia ukingo. Visu vinunue vichache vya ubora kuliko sanduku la bei rahisi: viwili viwili vya milimita 5, 6, 8, 10 na 12, vyenye meno mawili kwa njia na manne kwa kingo. Miwani ya kulinda macho haina mjadala, glavu hazivaliwi karibu na spindo, na mikono mirefu ikunjwe.

Wengine watakushauri ununue ya kuendeshwa na kompyuta tangu mwanzo. Kwa anayetaka kutengeneza kitu kimoja mara mia, ni ushauri mzuri. Kwa anayejifunza, mkono kwenye gurudumu hufundisha jambo ambalo programu haiwezi kufundisha: kuhisi kisu kinapoanza kuchoka. Mashine nyingi za daraja la kati zinaweza kubadilishwa baadaye, na hilo nalo liko kwenye orodha ya vinavyoongezwa.

Itakapofika, usiiwashe. Mashine mpya za aina hii husafirishwa zikiwa zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na ndani ya grisi hiyo mara nyingine hubaki mchanga wa kalibu. Itoe meza, toa kabari, osha kila reli kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, weka mafuta ya mashine, kisha urudishe na kukaza kabari mpaka meza iende kwa ulaini bila kuyumba. Kitako kifungwe kwenye meza nzito iliyokazwa ukutani au sakafuni, kwani mashine ya kilo 150 juu ya meza ya mbao inayoyumba hupoteza faida yote uliyoilipia. Mwisho funga saa ya kupimia kwenye spindo kwa mkono wa milimita 100, ncha iguse meza, na uizungushe spindo taratibu kwa mkono duara zima. Mshale ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.02 kati ya mbele na nyuma, weka vibati vyembamba chini ya nguzo. Ukitofautiana kushoto na kulia, rekebisha kichwa kwa mapigo madogo ya nyundo ya plastiki, kaza bolti moja moja kwa zamu, upime tena baada ya kila moja, kwa sababu kukaza kwenyewe hukisogeza. Kazi hii inaweza kukuchukua mchana mzima mara ya kwanza. Rudia kuipima kila unapokilaza kichwa, na kila kisu kinapokwama kwa kishindo.